Ubao wa Mama Daphrose

"Inua upande yako kidogo, Mama Daphrose. Maandishi inateremuka."

Daphrose akainua. Ubao wenyewe ulikuwa mlango wa zamani wa zizi la ndama, umesuguliwa kwa mchanga mpaka ukaachana na harufu yake, au na sehemu kubwa ya harufu hiyo. Nzabandora alichovya brashi katika kopo la rangi ya buluu iliyobaki walipopaka madirisha ya kanisa, akatoa ncha ya ulimi kama alivyozoea akiandika, akamaliza herufi ya mwisho: FASI ZA KUTEMBELEA.

"Sasa namba moja," akasema. "Tuandike nini?"

Hapo ndipo kazi ilipokwama. Daphrose alizaliwa katika vilima hivi vya Masisi, akaolewa humo humo, akamzika mume wake humo humo, na kwa miaka yake sitini na mitatu hakuna aliyewahi kumuuliza ni fasi gani, ni mahali gani hapo panafaa kutazamwa.

"Mashine mupya ya kusaga, ile ya Ngungu," akasema baada ya kufikiri. "Iko ya rangi nyekundu."

"Ngungu iko mbali, na barabara iko mubaya. Tena watu ya Goma wanaona mashine kila siku. Wanatafuta yenye haiko kwao."

"Yenye haiko kwao ni nini?"

"Majani," Nzabandora akasema. "Na maji yenye kuanguka."

"Maporomoko? Pale tunafuaka nguo?"

"Njo pale," Nzabandora akakubali.

Daphrose alimtazama aone kama anatania. Hakuwa anatania. Nzabandora alikuwa mkulima wa maharagwe, lakini zamani alichimba madini miaka sita huko Omate, upande wa Walikale, akarudi na mgongo mbovu na ufundi wa kuandika vibao vya maduka, aliojifunza peke yake kwa kuangalia vilivyoandikwa vibaya. Mtu wa namna hiyo alikuwa amewaona watu wa kila aina. Kwa hiyo Daphrose akakubali, na namba moja ikawa maporomoko. Namba mbili ikawa nyumba ya Byukusenge, anayetengeneza jibini, au fromaji kama wanavyoiita. Namba tatu ilikuwa kilima cha rezo, mahali pekee ambapo simu inashika, na ambapo kila mtu anajua habari za kila mtu kwa sababu zote zinasemwa kwa sauti kubwa juu ya jiwe moja. Namba nne ilikuwa malisho ya juu.

"Na namba tano?"

"Ubao iko imeisha," Daphrose akasema.

"Ubao haiishe. Fasi njo imeisha," Nzabandora akasema, akaacha pengo chini.

Ubao huo haukuwa mapambo. Gisa, mwanawe wa pekee, alikuwa akiishi Goma na kufanya kazi katika duka la dawa. Tangu mama yake alipoanguka kwenye njia ya kisimani mwaka uliopita, Gisa hakulala vizuri. Alitaka mama ahamie mjini. Daphrose hakutaka. Mjini maziwa yanafika ndani ya bidoni kutoka vilima hivi hivi, naye hakuona sababu ya kuyafuata. Wakavutana miezi mitano. Mwishowe Gisa akatoa wazo: ile nyumba ndogo ya mbao aliyoijenga marehemu baba yake ipangishwe kwa watu wa mjini wanaotaka kupumzika, ili mama asiwe peke yake kilimani. Akapiga picha, akaiweka mtandaoni kwa simu: "Nyumba ya mashambani, hewa safi, fasi nyingi za kutembelea." Mama alipouliza ni fasi zipi hizo, akajibu, "Utazitafuta."

Kisha akaweka sharti. "Wageni ya kwanza wakimaliza siku zao tatu, Mama, utabaki na sitasema tena. Wakikimbia mbele ya siku, minakuja siku ya yenga, ile Jumapili, na pikapu, tunapakiza kitanda."

"Hawatakimbia," Daphrose alimwambia. "Nani anakimbiaka maziwa?"

Wageni walifika Ijumaa alasiri kwa pikipiki mbili, wamejaa vumbi mpaka kwenye kope. Mume aliitwa Grégoire, mtu mrefu, mpole, mwenye kushukuru kwa kila kitu hata alipoonyeshwa msumari wa kutundikia koti. Alifanya kazi katika shirika moja la maji mjini. Mke aliitwa Noëlla, mwalimu wa shule ya msingi, na hakuachana na kijitabu kidogo alichokuwa akiandikia mambo. Waliusoma ubao wote, wakasema ni mzuri. Wangekaa mpaka Jumatatu asubuhi.

Daphrose alikuwa amejiandaa kwa utaratibu. Wiki nzima alikuwa amepita nyumba kwa nyumba, kila iliyokuwa kwenye njia ya kwenda mahali palipoandikwa, akiwaambia wenyewe: Jumamosi nitapita na wageni. Kwake hiyo ilikuwa heshima ya kawaida. Mtu hapitishi mgeni mbele ya uwanja wa jirani kama anapitisha mbuzi wa kuiba.

Sasa, katika nyumba za wafugaji wa vilima hivyo, mgeni aliyetangazwa ana maziwa yake yanayomngoja, na hanywi maziwa hayo akiwa amesimama. Anakaa. Anapewa kikombe cha mti. Akiona ametosheka, anaacha kidogo chini, na kidogo hicho kinasema asante. Akimaliza mpaka kikombe kikauke, maana yake bado ana kiu, na mwenye nyumba asiyemwongezea atasemwa mpaka Pasaka.

Grégoire alilelewa na nyanya yake, na nyanya yake alimfundisha kwamba kubakiza chakula cha watu ni kuwatukana.

Nyumbani kwa Byukusenge alimaliza kikombe cha kwanza mpaka kikakauka. Byukusenge, mtu mnene mwenye mikono myeupe kwa ajili ya chumvi ya fromaji, akafurahi, akajaza. Grégoire akakitazama kidogo, akamaliza. Byukusenge akajaza tena.

"Huyu anajua kunywa," Byukusenge akamnong'oneza Daphrose. "Ulisema ni mutu ya kukaa kwa biro?"

Baada ya kikombe cha nne, Grégoire akainama kwa heshima na kuuliza kwa sauti ya chini, "Papa, choo iko wapi?"

Akaonyeshwa. Akakaa huko muda. Noëlla, akimngoja, akatoa kijitabu chake akaandika.

Kutoka hapo wakaenda maporomoko. Hawakwenda peke yao, maana mgeni husindikizwa. Byukusenge na mke wake waliwasindikiza mpaka kwa Kampire, na Kampire, baada ya kumpa Grégoire vikombe vitatu vya maziwa mgando na kumwonyesha choo, akawasindikiza na watu wa nyumba yake wote. Walipofika majini wenye kusindikiza walikuwa watu kumi na mmoja. Maji yalikuwa yakianguka kutoka juu ya mwamba kwa kishindo, na mvuke wake ukifanya upinde mdogo wa mvua juani. Grégoire na Noëlla wakakaa juu ya jiwe kuyatazama. Watu kumi na mmoja wakakaa upande wa pili, wakayapa maji mgongo, wakawatazama Grégoire na Noëlla.

"Wanaangalia nini?" Kampire akauliza.

"Maji," Daphrose akajibu.

Kampire akageuka, akatazama kwa uangalifu, akarudisha uso. "Haijabadilika," akasema.

Grégoire akasimama ghafla, akaangalia huku na huku, akauliza kama karibu pale kuna choo.

Byukusenge ndiye aliyeanza kuunganisha mambo. Alimvuta Daphrose kando, nyuma ya mti.

"Mama Daphrose, ulisema huyu anatumika wapi?"

"Kwa maji."

"Maji na usafi, ao maji tu?"

"Sikuuliza."

"Uhesabu basi. Kwangu aliomba kuona choo. Kwa Kampire aliomba kuona choo. Hapa hakuna nyumba, na bado anaomba. Na kila mara anaingia, muke wake anaandika." Byukusenge akatikisa kichwa. "Huyu haiko mugeni. Huyu ni enspekteri."

Daphrose hakuwa mwepesi wa kuhukumu. Alilichunguza jambo hilo upande huu na upande ule, akatafuta sababu nyingine ya mtu mzima, mwenye afya, aliyekunywa maziwa mazuri tangu asubuhi, kutaka kuona vyoo vya watu. Hakuipata. Maziwa kwao yalikuwa dawa ya tumbo. Mtoto akiharisha, anapewa maziwa. Lakini Gisa hakumwambia habari ya ukaguzi. Au labda hata Gisa hakujua. Au labda, moyo ukamwambia taratibu, mtu anayekagua vyoo vya watu wengine mchana atakagua na kile cha nyumba aliyolala, na kisipomfaa, ataondoka.

Alipogeuka, Byukusenge hakuwapo. Mtu mnene yule alikuwa amekata njia ya mkato kwenda kilima cha rezo, na kutoka juu ya jiwe lile sauti yake ikasikika mpaka bondeni, ikiwaonya jamaa zake wote walio upande wa malisho.

Kwa hiyo walipopanda kwenda malisho walikuta njia imefagiliwa. Katika kila uwanja palikuwa na beseni la maji, sabuni, na taulo jipya bado na mikunjo ya dukani. Na kwenye kona ya njia alikuwa amesimama Nyiransabimana, mjane wa makamo, mwenye choo cha mabati kilichojengwa mwezi uliotangulia.

"Papa, karibu hapa kwanza."

"Asante, Mama," Grégoire akasema. "Kwa sasa iko sawa."

"Ingia tu. Ufunge mulango, usikie vile inafunga."

Grégoire akamtazama mkewe. Noëlla akatazama mawingu. Akaingia, akafunga, akakaa kiasi cha adabu, akatoka.

"Inafunga muzuri sana," akasema.

Nyiransabimana akawageukia majirani, na uso wake ulikuwa kama uso wa mtu aliyesomewa jina kanisani. Kisha, kwa kuwa mgeni alikuwa amemheshimu, akamletea maziwa.

Malisho ya juu hawakuyafikia. Jua lilipoanza kuelemea magharibi, Grégoire alikuwa amelala chali nyuma ya uzio wa Nyiransabimana, kofia usoni, akisema anapumzika kidogo.

Jioni hiyo Daphrose hakukaa. Alimwaga maji ya moto, akasugua choo chake kwa ufagio mgumu, akanyunyiza jivu jipya, akatundika mlangoni kalenda ya parokia yenye picha ya kondoo. Kisha, akijua kwamba mkaguzi naye ni binadamu, akachukua maziwa ya ng'ombe wake bora kabisa, akayachemsha, akampelekea Grégoire kikombe kikubwa alichokuwa akinywea marehemu mume wake.

"Hii ni ya kuweka moyo laini," akasema.

Grégoire akakishika kwa mikono miwili. Alikuwa na uso wa kijivu. Akasema asante, akamaliza mpaka kikakauka, na Daphrose, ambaye alikuja na birika, akamwongezea.

Asubuhi ya Jumapili mfuko wa wageni ulikuwa mlangoni. Daphrose aliuona akitoka kukamua. Mfuko wa ngozi, umefungwa mkanda, umesimama pembeni ya viatu. Akaweka ndoo chini. Mbele ya macho yake akaona pikapu, akaona kitanda chake kikipanda, akajiona Goma amekaa kwenye kiti cha plastiki akisubiri bidoni.

Nzabandora alikuwa amefika na kopo lake kunyoosha herufi zilizoteremka. Alikuwa amechutama mbele ya ubao.

Grégoire akatoka, anatembea kama mtu aliyebeba mayai. "Mama Daphrose," akaanza, "mumetupokea muzuri sana. Lakini minafikiri tutarudia Goma leo. Nimekwisha kupanda kwa rezo kuita motari ya pikipiki."

Daphrose akafuta mikono kwenye kitambaa. Akaona afadhali kuuliza kuliko kukaa na swali mjini maisha yake yote. "Papa Grégoire, uniambie bila kunificha. Ni choo yangu?"

"Choo?"

"Nilisugua. Kama kuko yenye haitoshe, sema. Nitachimba ingine. Nzabandora ataleta jembe sasa hii."

"Mama, choo yako iko muzuri. Choo yote iko muzuri. Sijaona vilima ya choo muzuri hivi."

"Sasa utaandika nini kwa serkali?"

Grégoire akageuka kutazama mlangoni. Noëlla akatoka nyuma yake, ameshika kijitabu. "Serkali ya nini, Mama?" Daphrose akakinyooshea kijitabu kidole. Noëlla akakifungua, akamwonyesha: kurasa mbili za majina ya maua aliyoyauliza njiani, na mchoro wa ndege ambaye mkia wake haukumalizika.

"Basi choo ilikuwa ya nini?" Daphrose akauliza.

Wote wakamtazama Grégoire.

"Wewe muntu ya wapi, Papa?" Nzabandora akauliza kutoka chini, bila kuacha kupaka.

"Walikale."

Brashi ikasimama. Mabega ya Nzabandora yakaanza kutikisika, na ilichukua muda kabla sauti haijatoka. "Mama Daphrose," akasema, akifuta macho kwa mkono wenye rangi, "miaka sita nilikuwa Omate. Samaki ya mutoni, niliona. Sombe ya majani ya muhogo, ndizi, niliona. Ng'ombe, hata moja hapana. Huyu mutu, maziwa alikutana nayo wapi?"

"Kwenu, Mama," Grégoire akasema kwa huzuni. "Njo mara ya kwanza. Tumbo haijazoea."

Daphrose akakaa kwenye ngazi. Alihesabu vikombe kimoja kimoja: kwa Byukusenge, kwa Kampire, kwa Nyiransabimana, na kile cha marehemu. Vilifika kumi na kitu.

"Kwa nini haukusema?"

"Nilifikiria nikimaliza haraka, watanyamaza."

"Unaacha kidogo chini," Daphrose akasema. "Hata mutoto anajua. Unaacha kidogo chini, tunanyamaza."

"Kwetu ukiacha kidogo, ni matusi."

Noëlla aligeuza uso ukutani, na mgongo wake ulikuwa ukitikisika kuliko wa Nzabandora. Hata Daphrose alisikia kicheko kikimjia, lakini akakirudisha, maana mfuko ulikuwa bado mlangoni. Alifikiri nyumba zote zilizokuwa kwenye njia za ule ubao. Kila moja ilikuwa na ng'ombe. Akageuka polepole, akamtazama mtu ambaye wiki nzima hakumweka kwenye orodha, kwa sababu nani angetoka Goma kuja kutazama maharagwe?

"Nzabandora. Kwako kuko nini kwa sufuria?"

"Maharagi. Na ndizi. Kuko na sombe kidogo, nilizoea kule."

Grégoire akainua kichwa kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Sombe?"

Motari wawili walipofika na pikipiki zao walikuta watu wanateremka bondeni, wakaambiwa warudi kesho. Wakakaa kwa Nzabandora kutwa nzima. Grégoire alipewa chai ya tangawizi kwanza, kisha ndizi mbili za kujaribu, na kufikia saa saba alikuwa na sahani ya maharagwe mapajani na rangi yake imerudi. Yeye na Nzabandora walizungumza habari za mito ya Walikale mpaka Noëlla akaacha kuandika na kwenda kuchuma maharagwe na Daphrose. Alikuwa hajui kuchuma, lakini hakuharibu mengi.

Walirudi alasiri, wakipanda pole pole, na Daphrose akaona kitanda chake kikiwa nje.

Pikapu ilikuwa uwanjani. Gisa, mikono ya shati imekunjwa, alikuwa amefika na kukuta nyumba kimya, hakuna mgeni, hakuna mama. Asubuhi Kampire alimpigia simu kutoka kilima cha rezo kwamba enspekteri ameita motari tangu alfajiri. Gisa hakutaka kubishana tena miezi mitano, kwa hiyo akaona afadhali kitanda kiwe kimekwisha kupanda mama atakapofika. Godoro lilikuwa tayari ndani ya pikapu. Mbao za pembeni amezifunga kamba. Mdomoni alikuwa na msumari.

"Mama," akasema kupitia kwenye msumari. "Pole. Tulipatana."

"Tulipatana," Daphrose akakubali. "Msalimie Papa Grégoire. Na muke wake, Noëlla. Wanaondoka kesho, siku tatu zikitimia."

Gisa akautoa msumari. Akamtazama Grégoire, akamtazama mama, akatazama kitanda. Grégoire, aliyekuwa mtu wa kusaidia, alikuwa amekwisha kushika upande mmoja wa godoro.

"Tunashusha ao tunapandisha?" akauliza.

Daphrose alikuwa anamtazama mwanawe, naye mwanawe alikuwa anachora ardhi kwa kiatu.

"Ile njia ya kisima ingali inateleza," Gisa akasema hatimaye, kwa sauti ndogo.

"Ingali. Ungekuja na jembe pahali pa pikapu, leo tungeichonga ngazi."

Gisa akafikiri. "Tunashusha," akamwambia Grégoire.

Walipomaliza, wingu zito lilikuwa limekaa juu ya malisho ambayo hakuna aliyeyafikia. Nzabandora akasema bado kuna mwanga wa kutosha mstari mmoja. Wakaulaza ubao juu ya mapaja, Daphrose ameshika upande mmoja, Gisa ameshika wa pili, na Nzabandora akatoa ncha ya ulimi. Akaandika taratibu katika lile pengo: 5. KWA NZABANDORA. MAHARAGI. HAKUNA

Tone la kwanza likaanguka juu ya herufi A, kubwa kama sarafu. Nzabandora akafunika kopo.

"Inabakia neno moja, maziwa," akasema.

"Watu watasoma vile?" Gisa akauliza. "Kwa Nzabandora, maharagi hakuna?"

"Watu gani, na mvua hii? Ingiza ubao. Kesho tutamaliza, na kesho asubuhi uko na ngazi ya kuchonga," Daphrose akasema.

Gisa akaubeba ubao kichwani, akaingia nao. Ndani, Daphrose alikuwa anamimina chai, nyeusi, na mbele ya Grégoire akaweka kikombe. Grégoire akanywa, akafika karibu na chini, akasimama. Akamtazama mama mwenye nyumba. Kisha kwa uangalifu mkubwa, akaacha kidogo.